Hesabu madoa kwanza: kipepeo mgeni na neno geni

Mwezi wa Tano nilipiga picha ya kipepeo wa rangi ya chungwa nje ya darasa letu, nikamwambia mwenzangu wa biolojia: "Huyu ni Danaus chrysippus." Hakubisha. Aligusa bawa la nyuma kwenye picha, akasema: "Hesabu madoa."

Chrysippus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa hilo. Wangu alikuwa na moja tu, kwenye ukingo wa mbele. Kumbe ni Hypolimnas misippus jike. Yeye humwiga chrysippus, ambaye ndege humkwepa kwa kuwa akiwa kiwavi hula mimea yenye sumu. Ncha ya bawa haisaidii kuwatofautisha: kuna chrysippus wenye ncha nyeusi na wasio nayo, na mwigaji amewafuata hata hapo. Dume hana shida. Ni mweusi, ana madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau.

Kwetu kosa hilo ni dogo, wote wawili ni wenyeji. Lakini misippus huonekana pia katika visiwa vya Karibi na, kwa nadra sana, Florida, ambako chrysippus hayupo kabisa. Nakala ipo, asili haipo! Inadhaniwa alivuka Atlantiki katika meli za watumwa. Anayemwona Florida lazima amtofautishe na akina Danaus wa huko, apige picha ya mabawa juu na chini, aandike siku na mahali, tena aulize kama hakutoroka tu katika banda la maonyesho.

Nilishtuka kwa ajili ya memwari yangu. Nilikuwa nimeorodhesha maneno ya Kibantu katika Kiingereza cha Marekani kwa kufuata sikio tu. "Goober", yaani karanga, lilibaki imara: ni nguba ya Kikongo na Kimbundu, ambayo Lingala pia inayo, maana ni ileile, na inajulikana kwamba watu wa lugha hizo walipelekwa huko. Mengine kumi na moja yalifanana na yetu kwa sauti, lakini sikuweza kuonyesha nani aliyabeba wala yalipita wapi. Nimeyafuta. Msimamizi wangu anasema sura ya pili sasa ni fupi mno, nami nitatetea kazi hii katika kikao cha pili.