Kwa nini niliaga nyama, maziwa na mayai

Ukishuka basi mjini Voi saa za adhuhuri, msomaji, pua yako ndiyo hukaribishwa kwanza. Harufu ya nyama choma imetanda, kwani mji huu ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa umezoea kuwalisha wasafiri na madereva wa malori. Hapa sahani isiyo na kipande cha nyama huonekana kuwa ya mtu aliyeishiwa. Si ajabu basi kwamba wagonjwa wangu, wakisikia kuwa tangu 2017 sijaonja nyama, samaki, maziwa wala mayai, huniuliza: "Daktari, ni ugonjwa gani uliokupata?"

Swali hilo ni la haki, na ningependa kulijibu hapa. Sikusudii kukuhubiria. Nitakueleza sababu zangu, kisha nitakueleza hatari zilizomo katika mtindo huu wa maisha, kwa kuwa zipo, na wengi wanaousifia hawazitaji.

Si jambo geni

Watu wasiokula chochote kitokanacho na mnyama huitwa vegani. Jina hilo lilibuniwa Uingereza mwaka wa 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake. Lakini chakula chenyewe hakikuanzia Ulaya. Katika vilima vya Taita, wazee wetu walikula kimanga, yaani mihogo au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe, wakaongeza mbaazi, kunde, pojo na mboga za majani. Mbuzi alichinjwa siku ya shughuli. Mama yangu alipoona sahani yangu mara ya kwanza alicheka, akasema: "Mwanangu, hiki ndicho chakula tulichokulea nacho tulipokuwa hatuna pesa!"

Madaktari wawili Waingereza waliofanya kazi katika eneo hili letu la Afrika Mashariki waliligundua jambo hilo mapema. Hugh Trowell alitibu watu Kenya na Uganda tangu 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, naye Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji nchini Uganda tangu 1946 hadi 1966. Waliona kwamba maradhi yaliyojaza hospitali za kwao, kama vile ya moyo, kufunga choo na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa nadra miongoni mwa wanakijiji wa huku. Walihoji kama siri yake ilikuwa nyuzinyuzi za vyakula vya mimea. Si kila walichokisema kimethibitishwa, lakini umuhimu wa nyuzinyuzi hizo haubishaniwi tena. Husaidia choo kupita, hupunguza lehemu mbaya katika damu, na huzuia sukari kupanda kwa ghafla baada ya kula.

Leo maradhi hayo si ya wageni. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, na kwamba asilimia 94 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa cha vipimo vitano kwa siku.

Damu ya ukoo

Sababu yangu ya kwanza ni ya nyumbani. Mwaka wa 2016 baba yangu alipatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza. Ndugu zake wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi ya moyo. Nilipojipima, presha yangu ilikuwa 148 kwa 94 na uzani wangu kilo 91. Nilikuwa na watoto wawili wadogo. Sikuhitaji mtabiri wa kunionyesha njia niliyokuwa nikiiendea.

Niliacha vyakula vya wanyama, nikapunguza chumvi na mafuta, nikaanza kutembea kila asubuhi. Baada ya mwaka mmoja presha yangu ilishuka hadi 126 kwa 80, na uzani ukawa kilo 79. Siwezi kukuambia kuwa ni maharagwe peke yake yaliyofanya kazi hiyo, kwani nilibadilisha mambo mengi kwa pamoja.

Utafiti unasema nini? Mwezi wa Oktoba 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa nyama zilizosindikwa, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kuwa yaelekea nyama nyekundu nayo huisababisha. Mwaka wa 2019, utafiti wa Uingereza uliowafuata watu zaidi ya 48,000 kwa muda wa miaka 18 ulionyesha kuwa wasiokula nyama walipungukiwa na hatari ya maradhi ya moyo kwa asilimia 22 kuliko walaji nyama. Lakini utafiti uo huo ulionyesha kuwa hatari yao ya kiharusi ilizidi kwa asilimia 20. Mimi mwana wa mgonjwa wa kiharusi siwezi kulipuuza hilo. Ndiyo maana bado napima presha yangu kila mwezi. Kuacha nyama si kinga.

Mbuzi na ukame

Sababu ya pili si ya kitabibu. Umewahi kuona mbuzi waliofungwa miguu, wakasafirishwa juani kutwa nzima? Mimi nimewaona mara nyingi, na nilifika mahali ambapo sikuweza kutenganisha sauti yao na kitoweo kilichokuwa mbele yangu. Huenda wewe waweza. Kila mtu na dhamiri yake.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, na nyingine ni ranchi na mashamba ya mkonge. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipita ikiwa haba. Malisho yalipokauka, mifugo na wanyamapori walishindania maji yale yale, na mkulima akabaki katikati. Nikaona kwamba chakula kinachotumia ardhi na maji kidogo ni njia yangu ndogo ya kupunguza mzigo. Hata hivyo simlaumu mfugaji. Katika nchi kavu isiyoota mahindi, maziwa ya ngamia ndiyo uhai wa mtoto wake.

Hatari zake

Sasa nisikilize kwa makini. Ya kwanza ni vitamini B12. Mwili hauwezi kuunda damu wala kulinda mishipa ya fahamu bila vitamini hii, na mimea haina ya kutegemewa. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hujiona mzima kabisa, kisha siku moja huanza kuchoka ovyo, kuhisi ganzi miguuni na kusahausahau. Mimi humeza tembe za B12 na sikosi. Ikiwa una kisukari na unatumia dawa ya metformini, jihadhari zaidi, kwani nayo hupunguza B12 mwilini.

Ya pili ni madini ya chuma. Yamo katika maharagwe, dengu, pojo na mboga za majani, lakini mwili huyafyonza kwa shida kuliko yale ya nyama. Kula chungwa, embe au pera pamoja na chakula, au kamulia ndimu mboga yako. Na ile desturi yetu ya kuteremshia chakula kwa chai, iache. Chai huzuia chuma kufyonzwa, basi inywe saa moja au mbili baadaye. Kwa chokaa ya mifupa, tumia uji wa wimbi, ufuta na mboga za majani kwa wingi.

Ya tatu ni watoto. Usimnyime mtoto mdogo maziwa na mayai kwa sababu wewe umeamua kuacha. Mtoto anayelishwa uji mtupu wa mahindi au mihogo anaweza kupata unyafuzi. Wanangu hula mayai, na watakapokuwa wakubwa wataamua wenyewe. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye amwone daktari au mtaalamu wa lishe kwanza.

Tena, usidanganyike kuwa kila kitokacho kwenye mmea ni dawa. Chipsi, soda na mandazi havina nyama ndani yake, na vinaweza kukuua taratibu vile vile.

Mezani kwa watu

Ugumu mkubwa sikuuona jikoni bali kwenye shughuli. Mahari inapojadiliwa na mbuzi amechinjwa, kukataa kipande unachopewa na mzee ni kama kumkataa mwenyewe. Nimejifunza kutangulia kwa mwenye nyumba na kumweleza mapema, kwa heshima. Mzee mmoja alinijibu: "Mwanangu, basi fungu lako nitalila mimi, lakini kiti chako kipo."

Nyumbani ni rahisi. Vilima vya Taita vinatoa mboga, Taveta inatoa ndizi, na mbaazi za nazi hazihitaji sifa zangu. Bei ya kilo moja ya nyama hununua maharagwe ya siku kadhaa.

Ukitaka kujaribu, anza na siku mbili kwa juma. Weka maharagwe au kunde mahali pa nyama, na ujaze nusu ya sahani kwa mboga. Kama unatumia dawa za presha au kisukari, usiziache hata ukijisikia una nguvu za simba. Mwambie daktari wako unachokula, akupime na aamue yeye kama dawa zipunguzwe. Na kama hutaki kuiacha nyama kabisa, irudishe pale wazee wetu walipoiweka, yaani siku ya shughuli.