Siri iliyo wazi mkononi: saa janja na amana ya aliyekuandikia

Siku hizi aliyesimama ubavuni mwako katika safu ya swala hahitaji kukupekua mfuko ili ajue nani amekutumia fedha, ni kiasi gani, na salio lako limebaki ngapi. Yote hayo yanaweza kupita mbele ya macho yake baina ya takbira ya kuhirimia na rukuu, yakiwa yameandikwa kwa herufi nyeupe juu ya kioo cheusi kilichofungwa kwenye mkono wako wa kushoto. Wala hakuchungulia. Mikono imefungwa kifuani, bega limegusana na bega, na saa imeelekea juu kama sahani iliyoandaliwa.

Saa janja haikuwa jambo la kuzungumzwa katika kurasa za familia miaka michache iliyopita. Leo iko mkononi mwa mwanafunzi, mwalimu wa madrasa, mhasibu wa msikiti na mama wa nyumbani anayehesabu hatua zake kwa agizo la daktari. Za bei kubwa zipo, na za bei ya kawaida zimejaa madukani. Wengi huzinunua kwa ajili ya mapigo ya moyo na nyakati za swala, na hilo ni jambo jema. Lakini pamoja na mapigo ya moyo huja kitu ambacho mnunuzi hakukiulizia dukani: kila ujumbe unaoingia katika simu yake huhamia mkononi, mahali ambapo watu wengine wanapaona kuliko anavyopaona yeye mwenyewe.

Hapo mwanzo shida hii ilikuwa ndogo, kwa kuwa kioo cha saa kilizimika mkono ulipoteremka. Baadaye wakaja watengenezaji, Samsung miongoni mwao, na kioo kinachowaka muda wote. Apple nayo ikakileta mwezi Septemba 2019 katika saa yake ya Series 5. Siri ya ufundi huo iko katika aina ya kioo, ambacho kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, hivyo nukta nyeusi haili umeme. Saa hupunguza mwanga, hushusha kasi ya kubadilisha picha hadi mara 1 tu kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo Apple ikaweza kuahidi saa 18 za matumizi bila kuchaji. Mvaaji hupata raha ya kujua ni saa ngapi pasipo kutikisa mkono. Jirani naye hupata raha hiyo hiyo.

Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kioo kuwaka muda wote. La pili ni arifa kuonyesha maneno yake yote mara tu inapofika. Mtu anaweza kuzima la kwanza akadhani amesalimika, kumbe la pili liko pale pale, kwa sababu saa nyingi huwaka zenyewe mkono unapoinuliwa. Na ni kitendo gani kinachoinua mkono kwa namna ile kuliko takbira? Vivyo hivyo, wapo walioficha maneno ya ujumbe kwenye kioo cha simu iliyofungwa, wakastarehe, ilhali saa ina mipangilio yake na inaendelea kuyatangaza yale yale.

Siri hiyo ni ya nani?

Mtu atasema: ujumbe ni wangu, saa ni yangu, kama sioni haya yaonekane, basi yaonekane. Neno hili lingekuwa na nguvu kama kila ujumbe ungekuwa na mtu mmoja. Lakini ujumbe una watu wawili, na mara nyingi mwenye siri ni yule aliyeandika. Dada anamwandikia dada yake kuhusu mimba iliyoharibika. Muumini anamweleza imamu ugomvi wa ndoa yake. Mdaiwa anaomba aongezewe muda wa kulipa. Hawa wote waliandika wakijua wanamwambia mtu mmoja.

Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (radhi za Allah zimshukie), katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mtu akizungumza jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, basi mazungumzo hayo ni amana. Mafunzo ya hadithi hii ni makubwa: hakuhitaji kusema "usimwambie mtu", kule kugeuka kwake tu kulitosha. Leo anayetuma ujumbe hana njia ya kugeuka akatazama. Hajui kama uko peke yako, au umesimama ndani ya daladala umeshika bomba la juu, na saa yako iko usawa wa macho ya abiria aliyeketi. Kazi ya kutazama huku na huku kwa niaba yake umeachiwa wewe.

Kwa upande wa anayetazama, dini haikunyamaza. Katika hadithi ya Sahl bin Saad iliyomo katika Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume (rehema na amani zimshukie), naye mkononi alikuwa na kitana cha chuma. Akamkemea mtu yule vikali, na akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Ukiliangalia jambo hili vizuri utaona kwamba kinacholindwa si mlango wala ukuta. Ni kile ambacho jicho lingekifikia. Kwa hiyo aliyeona kwa bahati mbaya arifa ya jirani yake hana lawama kwa mtazamo wa kwanza, bali aondoe macho. Kurudia kusoma ili amalize sentensi ni jambo jingine.

Ndani ya swala yenyewe

Faragha ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni utulivu wa moyo. Bibi Aisha (radhi za Allah zimshukie) ameeleza, na Bukhari na Muslim wamepokea, kwamba Mtume aliswali akiwa amevaa nguo yenye nakshi, macho yake yakaziangukia nakshi zile mara moja, na alipomaliza akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm aliyeitoa, aletewe ile isiyo na mapambo. Nasai amepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari ya pete aliyoivaa kisha akaivua, kwa kuwa ilimshughulisha: mtazamo mmoja kwa pete, mtazamo mmoja kwa watu aliokuwa nao. Nakshi za nguo hazibadiliki, na pete haisemi. Tuipime basi saa inayotetemeka, ikawaka, ikaandika jina la mtu.

Saa nyingi zina hali maalumu ambayo watengenezaji wameipa jina la sinema au tamthilia, kwa kuwa waliwaza ukumbi wa giza. Jina halifanani na msikiti, lakini kazi yake inafaa: kioo hubaki cheusi, hata mkono ukiinuliwa, mpaka ukiguse au ubonyeze kitufe, na sauti hunyamaza. Mtetemo, hata hivyo, unaweza kubaki; ndiyo maana iandamane na ile hali ya kutosumbuliwa ambayo kila mwenye simu anaijua. Kuziwasha zote mbili hakuchukui muda wa kuvua viatu mlangoni.

Na wakati wa udhu? Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaifikirii. Saa huvuliwa ili maji yafike chini ya mkanda, huwekwa juu ya ukuta mfupi wa birika, na mwenyewe huinama kuosha miguu. Saa isiyo na namba ya siri, ikishikwa na mtu yeyote, humfungulia ujumbe wote uliohifadhiwa ndani yake. Saa iliyowekewa namba ya siri, pamoja na ule uwezo wa kutambua kwamba imetoka mwilini, hujifunga yenyewe mara inapovuliwa. Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma makala haya, liwe hilo.

Mipangilio ya kufanya

Kwa wenye saa za Apple, mambo mengi hufanyika katika programu ya saa iliyomo ndani ya simu. Kwenye sehemu ya arifa ipo swichi ya faragha; ikiwashwa, arifa inapofika huonekana kwa ufupi tu, na maneno yenyewe hayatokei mpaka mvaaji aguse kioo kwa kidole. Kwenye sehemu ya mwanga na kioo unaweza kuzima kabisa kuwaka kwa muda wote, au ukakiacha kiwake lakini ukazuia visionekane vile vidirisha vidogo vinavyozunguka uso wa saa. Vidirisha hivi watu huvisahau. Kile cha kalenda hukaa pale tangu asubuhi kikitangaza miadi ya kliniki ya uzazi au kikao cha usuluhishi kwa Kadhi, bila arifa yoyote kuingia. Saa za Samsung huendeshwa kwa programu ya Galaxy Wearable, na humo utachagua ni programu zipi za simu zenye ruhusa ya kuleta arifa mkononi.

Na kuchagua huko, kwa maoni yangu, ndiko dawa yenye nguvu kuliko zote, kwa saa ya aina yoyote. Simu za kupigwa na ujumbe wa watu wachache wa nyumbani wanatosha kufika mkononi. Benki, huduma za fedha za simu, barua pepe za kazini na makundi ya WhatsApp havina haja ya kufika huko. Zile namba za siri za mara moja ambazo benki hutuma kuthibitisha muamala zisifike kabisa, kwani mwizi anayejua tayari nywila yako anakosa namba hiyo tu.

Bangili za bei nafuu zinahitaji tahadhari ya ziada. Programu yake, inapowekwa katika simu ya Android, huomba ruhusa ya kusoma arifa zote. Bila ruhusa hiyo haiwezi kuzipeleka mkononi, lakini ikishaipata inaweza kusoma kila arifa inayoingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote huwabana wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Ila ruhusa uliyoitoa mwenyewe bila kusoma ni vigumu kuidai tena, na hakuna sheria ya bunge inayofika kwenye jicho la jirani.

Mume, mke na watoto

Hapa inafaa kusema kwa uwazi. Mume ambaye usiku mmoja ameficha maneno ya arifa zake zote bila kusema neno atakuwa ameununua ugomvi kwa mkono wake. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza dhana nyingi, kisha upelelezi, kisha usengenyaji, na yeyote aliyewahi kusuluhisha wanandoa anajua kwamba mambo haya hufuatana kwa mpangilio huo huo: jina limeonekana kwenye saa, moyo umeshuku, saa imepekuliwa mwenyewe alipolala, na asubuhi mama mkwe anajua. Basi mipangilio ifanywe na wawili wakiwa wameketi pamoja, kila mmoja na saa yake, na sababu itajwe: tunawafichia watu, hatufichani sisi. Mke ana shoga aliyemweleza ugonjwa wake. Mume hana haki ya kuujua. Mume ana ndugu aliyemkopa. Mke naye vivyo hivyo. Anayetaka kuitumia faragha kuficha haramu asiyachukue maneno haya kuwa fatwa yake.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto aliyejifunza kusoma husoma kila kitu, na kwa sauti. Saa ya mama iliyoachwa mezani ikawaka mbele ya wageni, mtoto wa darasa la tatu akasoma kwa ufasaha kwamba shangazi anauliza kama mgeni fulani ameshaondoka: hilo si kosa la mtoto. Suratun-Nuur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa humo humo ndani hufundishwa kubisha hodi: kabla ya alfajiri, adhuhuri nguo zinapopunguzwa, na baada ya Isha. Adabu hiyo hiyo ienee hadi kwenye saa na simu za wazazi, wazoee kwamba chombo cha mtu hakisomwi bila idhini. Nao wazazi wawatendee vivyo, kwa kadiri ya umri. Usiku, hali ya kulala huzima mwanga wa kioo. Chumba hubaki giza na mkono hubaki kimya mpaka adhana.

Limebaki la saa inayouzwa au kupewa mdogo wako. Kuifuta kwa kitambaa hakutoshi. Saa ya Apple itenganishwe na simu kupitia programu yake, na hapo hufutika yenyewe. Za aina nyingine zirudishwe katika hali ya kiwandani kupitia mipangilio. Kisha iwashe wewe mwenyewe, uone kwamba inaomba kuanza upya kama iliyotoka dukani, ndipo uitie mkononi mwa mnunuzi.