Maseremala wa filamu: Wanaojenga majumba ya kubomolewa

UKITAZAMA filamu na kuona jumba la kifalme, gereza au wodi ya hospitali, yafaa ukumbuke kwamba mara nyingi jengo hilo halina paa, halina msingi na ukuta wake wa nne haupo. Limejengwa na maseremala ndani ya studio, na huenda filamu inapofika kwenye majumba ya sinema mbao zake zimekwisha kung'olewa zamani.

Huko Hollywood, Marekani, hiyo ni ajira inayoendesha familia nyingi. Ni kazi inayodai ufundi wa hali ya juu, lakini uhakika wake wa kesho ni mdogo, kwani fundi huajiriwa kwa ajili ya filamu moja na ikimalizika huanza kutafuta nyingine.

Kazi huanza na mchoro. Msanifu wa mandhari husoma hadithi, hushauriana na mwongozaji wa filamu, kisha huchora ramani. Ramani hiyo hukabidhiwa msimamizi wa ujenzi, ambaye hukadiria mbao, gharama na idadi ya siku, ndipo maseremala huitwa kazini.

Ukuta wa filamu hauna tofali. Ni fremu ya mbao nyembamba iliyopigiliwa plaiwudi, kisha ukapakwa plasta na rangi hadi uonekane kama jiwe la kale. Nyuma yake umeegemezwa kwa miti. Sharti uwe mwepesi, na uweze kuondolewa kwa muda mfupi ili kamera na taa zipate nafasi. Kwa sababu hiyo mafundi hutumia skurubu, au misumari yenye vichwa viwili: kichwa cha kwanza hushika ubao, cha pili hubaki nje ili msumari ung'olewe kwa urahisi.

Hata hivyo, si kila kitu ni cha kuigiza. Ngazi atakayopanda mwigizaji mbio, au roshani watakayosimama watu ishirini, lazima ibebe uzito kama ya nyumba ya kweli. Seremala anayekosea hapo anahatarisha maisha ya watu.

Historia ya kazi hii ni ndefu. Mwaka 1916, mwongozaji D.W. Griffith alitoa filamu ya Intolerance, ambayo kwa ajili yake mji wa Babeli ulijengwa jijini Los Angeles chini ya usimamizi wa seremala mkuu wake, Frank Wortman. Baada ya upigaji picha, kuta hizo ziliachwa zikichakaa kando ya barabara kwa miaka kadhaa.

Mandhari nyingine ziliteketezwa kwa makusudi. Usiku wa Desemba 10, 1938, mandhari za filamu za zamani, ukiwamo ukuta mkubwa ulioonekana katika King Kong ya mwaka 1933, zilichomwa moto ili kupata picha za mji wa Atlanta ukiungua katika Gone with the Wind.

Kwa filamu ya Titanic ya mwaka 1997, meli yenye urefu wa karibu mita 236 ilijengwa huko Rosarito, Mexico. Iliyokamilishwa kikamilifu ni ubavu wa kulia pekee. Kwa kuwa tukio la kuondoka bandarini lilihitaji ubavu wa kushoto, maandishi yaliandikwa kinyumenyume, kisha picha ikageuzwa.

Lakini nyuma ya fahari hiyo kumekuwa na mvutano mkali wa mkate. Desemba 1945, wasuluhishi walioteuliwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, AFL, waliamua kwamba kazi ya kusimamisha mandhari ni ya chama cha IATSE, si ya chama cha maseremala. Ufafanuzi uliotolewa Agosti 1946 haukumaliza ugomvi. Septemba mwaka huo maseremala walikataa kugusa mandhari zilizojengwa na wenzao, wakafukuzwa. Wengi wao hawakurudi tena studioni.

Leo maseremala wa studio za Hollywood wako chini ya IATSE. Mfanyakazi aliyekwisha kuingia katika bima ya afya ya sekta hiyo hutakiwa kutimiza saa 400 za kazi katika kila kipindi cha miezi sita ili aendelee nayo. Ndiyo maana pengo la kazi humgusa pia mke na watoto.

Pengo la namna hiyo lilitokea mwaka 2023, waandishi wa filamu walipogoma kuanzia Mei na waigizaji wakafuata Julai. Maseremala hawakuwa wamegoma, lakini nao walikaa nyumbani, kwani filamu isiyopigwa haijengewi kuta.

Aidha, teknolojia nayo inabisha hodi. Katika The Mandalorian, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2019, sehemu kubwa ya mandhari ilionyeshwa kwenye skrini kubwa zilizowazunguka waigizaji. Pamoja na hayo, sakafu, milango na vitu vinavyoguswa vilibaki kuwa kazi ya mikono.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuonja ufundi huu. Kwa ajili ya Out of Africa ya mwaka 1985, Nairobi ya miaka ya 1910 ilijengwa upya huko Lang'ata, na filamu hiyo ikapata tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa ya usanifu wa mandhari. Tuzo hiyo hupewa wasanifu. Seremala malipo yake ni ujira wa saa alizofanya kazi, na mara filamu inapomalizika hurudi na msumeno wake kusubiri simu nyingine.