Matuta ya Usambara na asili ya ugomvi wake

Katika ukuta wa ngome ya Norwich, mji niliohamia miaka mingi sasa, pana bamba lililowekwa mwaka 1949 kwa jina la raia wa mji, kwa nia ya kumfidia na kumheshimu Robert Kett, mkulima wa Wymondham, ambaye miaka mia nne kabla yake alinyongwa papo hapo kwa kosa la kuwaongoza watu walioziangusha nyua ambazo wenye mali walikuwa wamezungushia malisho ya umma. Mwaka ule ule wa 1549, upande wa magharibi, watu wa Devon na Cornwall nao waliinuka, wao kwa kuwa serikali ya mfalme iliwaondolea sala za Kilatini walizozirithi kwa wazee wao ikawapa kitabu kipya cha Kiingereza. Mimi kila nipitapo hapo macho hayatui juu ya 1549, hutua juu ya 1949. Maana wakati ule ule Waingereza wa Norwich walipokuwa wakimtaka radhi marehemu wao, Waingereza wenzao waliokaa Lushoto, katika milima ya Usambara, walikuwa wakiwaamrisha wazee wetu walime matuta.

Tuta, kwa asiyeliona, ni ukuta mdogo wa udongo ulioinuliwa kwa jembe la mkono kukingama mteremko, na baina ya tuta na tuta hufungwa vizuizi vifupi, hata shamba zima likafanana na ubao wa bao wenye vishimo vyake, ili maji ya mvua yakae humo yasiteremke na udongo. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, na kufika 1950 ikaenezwa katika Usambara yote, pamoja na amri nyingine: mteremko uliozidi digrii 25 usilimwe, nyasi zisichomwe moto, mifugo ipunguziwe malisho. Insafu yataka nikiri kwamba mabwana shamba hawakusema uongo. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli kweli, na watu walikuwa wamezidi; ila hawakupenda sana kutaja kwamba tangu enzi za Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, sehemu kubwa ya ardhi njema ilikuwa imekwisha katwa na kupewa walowezi.

Marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba tuta ni mzigo wa mwanamke uliobuniwa na mwanamume asiyeshika jembe. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu ukulima wa Wasambaa haukuwa wa shamba moja: migomba hukaa karibu na nyumba, mahindi na maharage huwa mlimani, na shamba jingine huwa chini, kuelekea nyika, ili mvua ikikosa huku isikose na kule. Mwenye kuzungukia mashamba hayo yote kwa miguu, mtoto mgongoni, aghalabu ni mwanamke. Na siku alizotakiwa kuinua matuta ndizo siku alizokuwa akihitajika kwingine. Tena alinionyesha, kwa kuchora majivuni kwa ncha ya kijiti, jinsi mvua kubwa inavyofanya: tuta la juu likipasuka, maji yaliyokusanyika humo huliangukia la pili kwa nguvu maradufu, na la pili huliangukia la tatu, hata mwisho wake shamba lina korongo ambalo mwanzo halikuwapo.

Walakini mtu akidhani ugomvi ulikuwa wa jembe na jasho tu, hajafahamu. Hapo ndipo nionapo kwamba watu wa Devon wangalituelewa kuliko wale waliotumwa kututawala. Wakilindi, ukoo wa Mbegha mwindaji, waliokaa Vuga na kumwita mfalme wao Simba Mwene, hawakuhesabiwa kuwa wakusanya kodi tu; mvua ilikuwa mikononi mwao. Kwa Kisambaa husemwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Na mtawala ni yule yule mmoja awezaye yote mawili. Nguvu yake ikiwa moja isiyo na mshindani, mvua hunyesha na watoto hushiba. Zikigombana nguvu kwa nguvu, nchi huangamia, kama ilivyoangamia baada ya kufa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, habari ambazo Abdallah bin Hemedi amezieleza kwa Kiswahili chake kizuri katika Habari za Wakilindi.

Basi tazama hali ya raia katika miaka ya 1950. Zumbe, yaani chifu, ambaye kwa kanuni ya kale angalitazamiwa kuleta mvua, sasa ni mtu wa mshahara, ajaye shambani kupima matuta na kuwatoza faini wasiolima. Dola imekwisha mnyang'anya nguvu ya kuponya, ikamwachia nguvu ya kudhuru peke yake. Ndiyo maana maneno ya watu hayakuwa kwamba matuta ni kazi ngumu; walisema matuta yaibana nchi. Afisa aliyesikia maneno hayo aliandika kwamba ni ushirikina. Mimi nayaona ni hoja ya siasa iliyo kamili, imevaa nguo zake za nyumbani tu.

Juu ya hayo palikuwa na hofu ambayo haikuhitaji ramli. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili walowezi wapate nafasi, na habari hizo zilipopanda milimani watu walijiuliza ardhi hii tunayoitengeneza kwa jasho letu itakuja kuwa ya nani. Wako waliolipa faini, wako waliofungwa, na wako, kwa kauli ya bibi, waliolima matuta yaonekanayo barabarani na kuyaacha yaliyo nyuma ya kilima. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta hasira hiyo imekwisha iva. Mwaka 1957 serikali ikayaacha matuta. Hakunyongwa mtu kama Kett. Wakilindi nao utawala wao ulifutwa pamoja na machifu wengine wa Tanganyika mwaka 1963.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuja mabwana shamba wengine, safari hii chini ya mradi wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Wajerumani, wakiwa na mbegu ya majani ya Guatemala, ambayo hupandwa kwa mistari kukingama mteremko na kuzuia udongo uleule. Bibi aliyapanda kwa mkono wake mwenyewe, mistari mitatu, na alfajiri alikuwa akiyakata kwa mundu kumpelekea ng'ombe aliyefungwa bandani. Nilipomwuliza kama hayo si matuta kwa jina jingine, alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akasema, "Haya ng'ombe wangu anakula."