Usafi wa Mabehewa na Udhibiti wa Kutu: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Abiria wa Treni ya Mjini

Abiria anayesubiri treni ya mjini jijini Dar es Salaam hulitazama behewa kwa nje kwa muda mfupi tu, tena macho yake yakiwa yanatafuta mlango wenye nafasi. Nauli, ratiba na msongamano huzungumzwa kila siku. Hali ya ubavu wa behewa huzungumzwa kwa nadra. Hata hivyo, ubavu huo una mengi ya kueleza kuhusu matunzo ya chombo anachokipanda. Behewa chafu linaweza kuwa zima kabisa, na behewa linalong'aa kwa rangi mpya linaweza kuwa linaliwa na kutu kwa ndani. Makala haya yanamsaidia mtumiaji wa huduma kutofautisha hali hizo mbili, kuelewa namna behewa linavyopaswa kutunzwa, na kutoa taarifa itakayofanyiwa kazi.

Kwa nini kutu hustawi Pwani

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa ya oksijeni. Kimoja kati ya viwili hivyo kikizuiwa, kutu haitokei. Ndiyo maana panga lililopakwa mafuta hukaa muda mrefu bila kuharibika. Chumvi huongeza kasi ya kazi hiyo. Kutu huendelea kwa mikondo midogo ya umeme inayopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matamu.

Kaya nyingi za Pwani zinaifahamu tabia ya chumvi wakati wa masika: hulowa ndani ya kopo bila kumwagiwa maji. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kuyeyuka unyevu huo unapofikia takriban asilimia 75, kiwango ambacho hewa ya Dar es Salaam hukifikia mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri. Chembe za chumvi zinazobebwa na upepo wa bahari hutua juu ya behewa na kufanya vivyo hivyo. Behewa linaweza kuamka limelowa ilhali mvua haikunyesha. Kwa sababu hiyo, behewa linalofanya kazi Dar es Salaam huhitaji matunzo ya karibu zaidi kuliko behewa la aina hiyohiyo linalofanya kazi Dodoma, ambako hewa ni kavu.

Wengi hudhani kwamba mvua huliosha behewa. Ni kweli kwamba mvua huondoa sehemu ya chumvi kwenye paa na ubavu ulio wazi. Lakini haifiki chini ya sakafu, nyuma ya vikanyagio wala ndani ya maungio ya mabati. Huko chumvi na vumbi hujikusanya, na vumbi hushika unyevu kama sifongo. Kutu kubwa mara nyingi huanzia mahali pasipofikiwa na mvua wala macho.

Doa la kahawia si lazima liwe kutu ya behewa

Treni inapofunga breki, vipande vya breki husagika dhidi ya magurudumu na kutoa vumbi laini lenye chembe za chuma. Vumbi hilo hurushwa kwenye ubavu wa behewa, hunata juu ya rangi, hulowa, kisha hupata kutu lenyewe. Matokeo yake ni wekundu wa kahawia unaoonekana kama kutu, huku bati lililo chini ya rangi likiwa zima. Treni za mjini hupata uchafu huu kwa wingi kwa kuwa husimama kila baada ya mwendo mfupi.

Abiria anaweza kutofautisha kwa kuzingatia alama zifuatazo:

1. Uchafu wa breki husambaa kwa usawa, hasa sehemu za chini za ubavu, na hupungua au kuondoka behewa linapooshwa ipasavyo.
2. Kutu ya behewa huanzia mahali maalumu: chini ya dirisha, pembeni mwa mlango, kuzunguka bolti au kwenye maungio. Mara nyingi hutoa mchirizi unaoshuka kutoka mahali hapo, na mchirizi huo hurudi palepale hata baada ya kuoshwa.
3. Rangi iliyovimba kama lengelenge ni dalili ya kutu iliyo chini yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huisukuma rangi na hata kupinda mabati yaliyounganishwa.
4. Magamba ya kahawia yanayobanduka, au tundu, ni dalili kwamba unene wa bati umekwisha kupungua.

Uchafu wa breki nao haupaswi kuachwa. Ukikaa muda mrefu hujichimbia ndani ya rangi, huondoa mng'ao wake na kufungua njia ya maji kufikia chuma.

Namna behewa linavyopaswa kuoshwa

Kuosha behewa ni kazi ya kitaalamu. Katika karakana zenye mashine ya kuoshea, treni hupitishwa kwa mwendo wa mtu anayetembea kati ya brashi zinazozunguka, ikapakwa sabuni, ikaachwa kwa dakika chache, kisha ikasuuzwa kwa maji matamu. Pasipo mashine, kazi hiyo hufanywa kwa brashi za mkono zenye mpini mrefu.

Kila uchafu una sabuni yake. Mafuta na masizi huondolewa kwa sabuni yenye asili ya magadi. Vumbi la breki, kwa kuwa ni chuma kilichopata kutu, huhitaji sabuni yenye tindikali hafifu. Hapa ndipo penye hatari: tindikali ikizidi kipimo au isiposuuzwa vizuri, hushambulia rangi, alumini na mipira ya madirisha, na behewa huharibiwa na uoshaji uliokusudiwa kulilinda. Maji yenye shinikizo kubwa nayo hayafai kuelekezwa kwenye milango, vifaa vya umeme au beringi za magurudumu, kwani husukuma unyevu mahali usipoweza kukauka.

Aina ya bati pia huamua matunzo. Chuma cha kawaida hutegemea rangi kwa asilimia mia moja. Alumini hujitengenezea utando wa kujikinga, lakini hulika pale inapogusana na bolti za chuma penye maji ya chumvi. Chuma cha pua, kilekile cha sufuria zinazong'aa, hujikinga vizuri zaidi. Treni ya Zephyr iliyoundwa Marekani mwaka 1934 kwa chuma hicho, bila kupakwa rangi ubavuni, imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Hata hivyo, chuma cha pua kikisuguliwa kwa nyuzi za chuma cha kawaida hubaki na chembe zinazopata kutu juu yake.

Rangi mpya si dawa ya kutu

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Rangi iliyopakwa juu ya kutu huificha kwa muda, lakini unyevu na chumvi vilivyofungiwa chini yake huendelea na kazi. Baada ya misimu michache rangi huvimba na kubanduka, na bati huwa limekonda kuliko awali.

Matengenezo sahihi hufuata hatua. Kutu huondolewa hadi chuma safi kionekane, chumvi huoshwa kwa maji matamu, sehemu hukaushwa, hupakwa rangi ya msingi, mara nyingi yenye zinki, kisha hufuata rangi ya juu. Zinki hulika badala ya chuma, kama inavyofanya kwenye bati la kuezekea nyumba. Bati lililokwisha kutoboka au kukonda kupita kiasi hukatwa na kuwekwa jipya.

Gharama za kuchelewa humfikia pia abiria. Behewa lililo karakanani kwa matengenezo makubwa halibebi mtu. Waliopaswa kulipanda husongamana katika mabehewa yaliyosalia. Gharama za uendeshaji nazo ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika kupanga nauli.

Sehemu za kutazama kwa ajili ya usalama wako

Si kila kutu ni hatari. Kutu ndogo katikati ya ubavu yaweza kusubiri zamu ya matengenezo. Sehemu zifuatazo hazipaswi kusubiri:

- Vikanyagio na vizingiti vya milango, ambavyo hubeba uzito wa kila anayepanda na kushuka.
- Vishikizo vya mkono, hasa mahali vilipofungwa kwenye behewa.
- Milango isiyofunga vizuri kwa sababu reli yake imeliwa.
- Paa linalovuja, kwani maji huweza kufikia nyaya za taa na kuozesha sakafu kwa chini.
- Maandishi ya nje yanayoonyesha mlango au dirisha la dharura. Waokoaji huyategemea, yakifunikwa na uchafu, hayana maana.

Abiria asijaribu kuchokonoa kutu, kuinama chini ya behewa au kusimama relini ili kuchunguza. Kwenye reli ya kisasa ya SGR, waya wa juu hubeba umeme wa volti 25,000. Ni marufuku kupanda juu ya paa au kurusha maji na vitu kuelekea waya huo.

Wajibu wa abiria

Haki ya kupata huduma safi na salama huambatana na wajibu. Soda, juisi na mabaki ya chakula yanayomwagwa dirishani huacha sukari na chumvi kwenye ubavu. Kukojoa pembeni mwa behewa huongeza chumvi mahali ambapo mvua haifiki. Kukwaruza rangi kwa funguo au mizigo yenye ncha, na kubandika matangazo, hufungua rangi. Mkwaruzo mmoja unaofika kwenye chuma hutosha kuanzisha kutu.

Namna ya kutoa taarifa

Malalamiko yasiyo na maelezo hayafanyiwi kazi kwa urahisi. Linganisha taarifa hizi mbili: "Treni zenu zimeoza," na "Jana asubuhi, katika treni iliyotoka Pugu, behewa lenye namba hii, mlango wa pili upande wa kushoto, kikanyagio kina tundu linaloweza kuingia kisigino." Taarifa ya pili humwezesha fundi kwenda moja kwa moja mahali penye kasoro.

Fuata hatua hizi:

1. Andika namba ya behewa, tarehe, saa, stesheni na sehemu yenye kasoro. Picha inasaidia, mradi ipigwe ukiwa jukwaani.
2. Mweleze mhudumu wa treni au msimamizi wa stesheni mara moja iwapo kasoro inaweza kumjeruhi mtu.
3. Wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma na utunze nakala au namba ya kumbukumbu.
4. Usiporidhika, peleka suala hilo kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia usalama na ubora wa huduma za reli. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC) lipo kwa ajili ya kutetea maslahi yako.

Mkaguzi hulitazama behewa kwa vipindi; abiria hulipanda kila siku. Kasoro utakayoitolea taarifa leo, ikiwa bado ni lengelenge dogo kwenye rangi, hurekebishwa kwa msasa na kopo la rangi. Ikisubiri hadi kikanyagio kitoboke, atakayeigundua ni yule mguu wake utakaopita kwenye tundu.