Keki Imekatwa, Wageni Wanywe Nini?

Akina mama, na ninyi wa kamati za harusi, ubatizo na komunyo ya kwanza, hebu tuzungumze juu ya kinywaji cha kuteremshia keki. Mara nyingi jambo hili huachwa mpaka dakika ya mwisho, halafu mtu anatumwa mbio kuleta soda. Ati sherehe bila soda si sherehe! Lakini keki yenyewe ina sukari, na ile aisingi ya juu ni sukari karibu tupu. Ukinywa soda juu yake, ulimi hausikii tena utamu wa keki, na mwili unapokea sukari mara mbili.

Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko vidogo saba au vinane. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isifike gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana isifike 25. Mtoto ni chini ya hapo. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa maana sukari ya kinywaji huingia katika damu haraka. Naye akipewa chupa, anakunywa tu, asije akaonekana anadharau mwenye sherehe.

Chai ndiyo inayopatana na keki. Ikiwa moto, huondoa mafuta ya siagi mdomoni, na kipande cha pili kinakuwa kitamu kama cha kwanza. Ila usitie sukari kwenye sufuria. Weka sukari kwa bakuli na kijiko, kila mtu ajipimie. Lita 20, nusu maji nusu maziwa, zatosha watu 100 kwa kikombe cha mililita 200. Kreti moja ya soda ina chupa 24, kwa hiyo watu hao hao wanataka kreti tano, na chupa ikivunjika unailipa. Ng'ombe anakamuliwa nyumbani, na familia inakopa pesa za soda. Hapo mimi sielewi.

Keki nyeusi ya matunda yapendeza na chai ya rangi au kahawa. (Keki hii wakati mwingine hutiwa brandi. Waambieni wageni Waislamu, na yule aliyeacha pombe, kabla hawajaonja.)

Kwa joto la Mombasa au Kisumu watu watataka kitu baridi. Maji ya ndimu yenye sukari kidogo ni mazuri, mradi maji yamechemshwa, na barafu pia itoke kwa maji yaliyochemshwa. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokuwa mkutanoni katika hoteli ya Nairobi, sembuse sisi wa mapipa. Chemsheni maji usiku wa kuamkia sherehe, myafunike vizuri, kwa maana sufuria kubwa haipoi kwa saa moja.