Fahamu: Kwa nini ardhi ilitetemeka Bukoba

Septemba 10, 2016, saa tisa alasiri na ushei, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, Tanzania, ulipo mji wa Bukoba. Watu zaidi ya 15 walifariki dunia, na majengo ya Shule ya Sekondari Ihungo yakabomoka.

Chanzo ni Bonde la Ufa, linalotanuka milimita chache kila mwaka. Miamba hukwama kwenye nyufa za chini, huhimili mvutano huo miaka nenda rudi, kisha hukatika ghafla na kutoa mawimbi yanayotikisa ardhi.

Lakini kinachoua hasa ni ukuta. Matofali ya udongo yasiyofungwa kwa nondo huachana kwenye kona, paa likawashukia waliomo. Ukijenga Kagera au Kigoma, usimruhusu fundi aruke lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta.